Kadi ya Uji ya Reine

Liège, 2 Februari 2003

Koko,

Najua swali lako la kwanza ni kama nimekula. Nimekula. Reine, dada yangu, naye hajambo, anasoma na anakusalimia.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Hapa hospitalini ninafanya kazi chini ya Profesa anayetibu watu walionenepa hadi kuugua. Anawapasua, kisha anaufunga mfuko wa chakula tumboni kwa pete ndogo, ili mtu akila kidogo ashibe. Sasa tunataka kujua kwa nini watu wengine waliokuwa na njaa kali utotoni wananenepa sana wakiwa wakubwa. Ni utafiti wa miaka mitatu. Kuna fondasion ya matajiri inayotaka kutoa pesa, lakini kwanza inataka ushahidi ulioandikwa.

Unakumbuka Reine alipotoka msituni ng'ambo ya mto Rusizi mwaka 97, baada ya vita kumchukua baba kule. Ulimpokea pale Mururu ukampeleka kwenye hema la wazungu la uji. Alikuwa na kadi, na kila Ijumaa waliandika kilo zake. Najua bado unayo. Naiomba, Koko. Itume kwa anwani yangu kupitia sanduku la posta la parokia.

Mjukuu wako,
Gad


Mururu, 1 ya mwezi wa tatu, 2003

Gad, mutoto wa Mukarugwiza,

Mimi niko muzima, miguu inauma, na miguu yangu haikuhusu.

Barua yako padri alinipa mbele ya batu bote wa Jumapili, kwa hiyo nikalazimika kuisoma. Niliisoma mwenyewe na miwani ya marehemu babu yako. Nilikaa miaka mbili tu kwa masista wa Mibirizi, lakini upumbavu naujua hata ukiandikwa na dokta. Nilipofika ku pete nikasimama. Nikasoma tena. Pete, bazungu banavaa ku kidole. Sasa banavaa ku tumbo?

Nikamuita jirani, Épiphanie, nikamusomea. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, "Mama, bale batu, kuna muntu anabalisha kwa nguvu?" Nikasema hapana, banajilisha bao benyewe. "Basi si baache kupeleka mukono ku kinywa?" Jibu hilo umupe Profesa wako. Épiphanie anamupa bure, hana haja ya fondasion.

Miaka kumi na moja uko mu masomo. Nilidhani utarudi kutibu malaria iliyomumaliza mama yako. Kumbe ulienda kujifunza kufunga matumbo ya bashibe. Hapa bunduki bado zinalia ng'ambo ya Rusizi. Juzi batu ba Bukavu balivuka daraja na magodoro ku kichwa, batoto babo miguu kama miti ya maharagwe. Sikuona tajiri hata mumoja akiandika barua kuuliza kilo zabo. Lakini muntu akinenepa, lo, batajiri banakusanyika, banataka kujua sababu! Baniulize mimi. Amenenepa kwa sababu amekula. Andika hivyo, utie sahihi, na hiyo pesa muniletee hapa Mururu.

Kadi nakutumia, iko ndani ya hii bahasha. Naitoa kwa sababu moja tu: batajiri bako bajue kwamba Reine alitoka mu musitu na kilo ishirini na nne, miaka kumi na nne, nywele nyekundu kama ndevu za mahindi, na kwamba mama muzee mumoja asiye na kitu njo alimutoa mu kinywa cha kifo. Jina langu baliandike muzuri. Mingine usiisome sana. Soma pale juu, penye jina.

Mimi niliyemuzaa mama yako,
Védastine


Liège, 30 Machi 2003

Koko,

Asante! Hujui ulichotuma. Profesa alipoisoma aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Miezi kumi na minne, kila Ijumaa, na baada ya wiki za kwanza mtoto habadiliki: kilo ishirini na tisa, ishirini na nane na nusu, ishirini na tisa. Profesa ana kadi na faili za watu thelathini na tisa wengine, lakini hakuna inayofanana na hii. Aliinakili ikawekwa mwanzoni kabisa mwa ombi letu. Fondasion imekubali. Koko, tumepata pesa za miaka mitatu yote!

Sasa lazima nikwambie jambo ambalo Reine alinikataza. Amefika kilo mia moja thelathini na moja. Ana sukari katika damu. Profesa anasema mwili uliokaa na njaa muda mrefu vile haukubali tena kupungua kwa kujinyima. Dawa yake ni kupasuliwa tu. Reine atakuwa wa kwanza kupasuliwa katika utafiti wetu, na hatalipa chochote. Ni tarehe 22 Julai.

Tafadhali usimwandikie kwa hasira. Ana aibu mbele yako.

Gad


Mururu, 24 ya mwezi wa nne, 2003

Gad,

Kumbe muntu wa pete ni dada yako. Mwezi wa pili ulikuwa unajua, ukaniandikia "hajambo". Unasema uongo kama muntu aliyesoma sana: kidogo kidogo, na adabu.

Ile mutoto nilikutumia mwaka wa 2000 na mashavu yake, mikono laini, shingo yenye mistari. Tulipofika Kamembe kupanda gari, batu baligeuka kumuangalia. Mwanamuke mumoja wa Bukavu, muuza samaki ndogo za sambaza, akaniambia, "Mama, huyu umemulea na maziwa gani?" Ile mwili ni kazi yangu! Wewe ulijenga nini mu maisha yako? Hata kibanda ya kuku hujajenga. Sasa Profesa anataka kufungua kazi yangu na kisu, ndani ya nyumba niliyoijenga aweke kufuli.

Na mwenyewe hutoi hata mukono kumuzuia, kwa sababu batajiri bamekubali. Zamani bazungu balitupima vichwa na pua, tukasema ni bajinga. Leo mutoto wetu mwenyewe anabapelekea dada yake.

Mulete hapa. Nitamupa jembe. Kilima cha Mururu kinapunguza muntu kuliko Profesa, na hakidai karatasi.

Na ile kadi, kadi ni karatasi tu. Panya inakula karatasi. Musijenge nyumba juu yake. Sina zaidi.

Védastine


Liège, 12 Mei 2003

Koko,

Gad alinionyesha barua yako. Nilimkasirikia yeye, kisha nikakukasirikia wewe, kisha nikalala. Sasa naandika mwenyewe, kwa Kiswahili yetu, ingawa hapa inanitoka polepole.

Hiyo unayoita kazi yako haiwezi kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili bila kusimama mara tatu. Nina miaka ishirini, magoti yangu yana sabini. Mu basi nikikaa, mutu wa pembeni anasimama. Kule Kamembe waligeuka kuniangalia kwa sababu walinisifu. Hapa pia wanageuka. Na usiniambie habari ya jembe. Nimejaribu kujinyima mara nne. Tumbo likikaa tupu kidogo tu, nasikia baba anakohoa kule msituni, na mkono wangu unatafuta mkate wenyewe. Mimi njo nimeomba kupasuliwa. Gad hakunilazimisha.

Lakini kuna jambo lingine, na hilo njo linanifanya niandike. Profesa ameikuza kadi yangu, ameiweka ku ukuta wa ofisi yake. Miezi kumi na minne ya Ijumaa. Koko, mimi nakumbuka Ijumaa tatu tu. Nakumbuka hema, mizani, harufu ya uji, na hapo inaishia. Baada ya hapo nakumbuka nyumba yako, viazi vya mateke, sambaza, mimi na Umuhire binti wa Épiphanie tukiruka kamba. Niliwaambia hivyo. Wakaangaliana. Wakaandika mu faili yangu kwamba njaa ilikula kumbukumbu zangu, na sasa wananipeleka kwa daktari wa akili kila wiki. Ananiuliza mambo ya nyumba yako kama vile nimeyaota.

Wewe ulikuwepo. Je, nilikaa na njaa mwaka mzima chini ya paa lako, na mimi sikumbuki? Nijibu kabla ya tarehe 22 ya mwezi wa saba. Sitaki kulala mbele ya kisu kabla ya kujua kama kichwa changu ni kizima.

Reine


Mururu, 2 ya mwezi wa sita, 2003

Reine,

Kichwa chako ni kizima. Hilo nalisema kwanza, usome hapo mara mbili kabla ya kuendelea.

Ulienda mara tatu. Ijumaa ya nne mashavu yalikuwa yameanza kurudi, na mimi nilikuwa nimesikia sheria yabo: mutoto akifika kilo thelathini na mbili, banamutoa ku liste na unga unakatwa. Nikaona hawa batu banalipa njaa, habalipi kupona. Ukipona, banakufukuza. Sasa muntu mwenye akili atafanya nini?

Balikuwa bamekufunga bangili ya plastiki yenye namba, eti batu basidanganye. Nilikupaka sabuni mpaka ku kiwiko, nikaivuta, ikatoka. Ulilia kidogo. Nikamuvalisha Umuhire. Mulikuwa kimo kimoja, na bote vichwa vimenyolewa sababu ya chawa. Usiniulize kwa nini Umuhire hakuandikwa mwenyewe. Hema ilikuwa ya batu bametoka mu musitu. Njaa ya hapa hapa Mururu haikuwa na liste.

Basi kila Ijumaa Umuhire anapanda ku mizani. Muzungu anaangalia bangili, anaangalia kadi, anaita "Reine!" na Umuhire anajibu "Présente!" vile nilimufundisha. Miezi kumi na tatu na zaidi, hakuna aliyemuangalia uso. Anakunywa kikombe chake cha uji, anarudi kulima na mama yake. Haongezeki. Bazungu bakashangaa, bakaitana, bakasema huyu mutoto ana mwili ya ajabu, bakaongeza biskuti. Mimi na Épiphanie tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na leo Profesa wenu anashangaa ile ile kadi, miaka sita baadaye, na anapewa pesa kwa kushangaa.

Unga tuligawana nusu kwa nusu. Biskuti sikugawa. Épiphanie hakujua kwamba biskuti za kupeleka nyumbani ziliongezwa. Kadi ilikuwa mu mikono yangu. Zilikuwa za mutoto asiyeongezeka, na asiyeongezeka alikuwa mutoto wake. Nilizifunga mu sanduku ya nguo nikakupa wewe, asubuhi, mchana, jioni, na ukisema umeshiba nilikukaripia. Mara moja nilikupiga na mwiko. Nilikuwa nimemuzika mama yako. Baba yako sikupata hata kaburi la kulilia. Kila nilipoona mufupa wako mumoja niliogopa.

Umuhire leo analima mupunga kule Bugarama, mwembamba kama ufito. Aliyekaa na njaa amebaki mwembamba, aliyekula amenenepa. Mupelekee Profesa, aikuze na hiyo, aiweke ku ukuta.

Kuomba musamaha masista habakufika huko mu miaka mbili. Nimeandika ilivyokuwa. Ukitaka kupasuliwa, upasuliwe kwa kilo zako, siyo kwa kilo za Umuhire.

Koko wako,
Védastine

Na wewe Gad, najua barua zote zinafikia kwako. Hii nimeiandika wazi ili na wewe usome. Mupe dada yako, kisha umusomee Profesa, kwa sauti.


Liège, 22 Juni 2003

Koko,

Nimeisoma. Nimeketi nayo siku tatu.

Nakuomba unielewe kabla ya kunikaripia. Sehemu ya kwanza ya pesa imeshaingia. Watu wawili wameajiriwa. Hiyo ni kadi moja kati ya arobaini, na zile nyingine huenda ni za kweli. Tukisema sasa, fondasion itasimamisha kila kitu, nafasi ya Reine itapotea, na mimi nitakuwa Mwafrika aliyemletea Profesa kadi ya uongo. Mwezi mmoja tu, Koko. Apasuliwe kwanza. Baadaye nitamwambia mwenyewe.

Barua yake bado iko kwangu. Nimeiweka mahali salama.

Gad


Liège, 24 Julai 2003

Koko,

Hapa tuna simu moja ku korido ya wanafunzi. Jumapili ile ilipolia, aliyeipokea alikuwa msichana wa Ubelgiji. Alikuja kunigongea mlango akisema kuna mama anagombana na simu. Hujawahi kupiga simu maisha yako yote. Ulikuwa unapiga kelele kana kwamba unataka sauti ivuke yenyewe kutoka Kamembe: "Ulikula! Wewe ulikula! Gad ana barua, mufungulie droo!" Kisha ikakatika. Korido nzima ilikuwa milangoni. Nilikaa chini sakafuni nikacheka, halafu nikalia, na yule msichana akaniletea maji.

Nilienda kwa Gad. Hakubisha. Aliitoa mwenyewe, kutoka mu kamusi. Tuliisoma pamoja, yeye akiwa amejifunika uso na mkono. Kesho yake niliipeleka kwa Profesa na kumutafsiria yote, mpaka ya mwiko. Alitoa kadi ukutani, akaniuliza kama nataka kuichukua. Nilikataa. Siyo yangu.

Pesa zimesimamishwa mpaka kadi zote arobaini zihakikishwe. Gad hakufukuzwa, lakini wamemtuma yeye: Desemba atakuja huko kuwauliza wenye kadi kwa mdomo, mlango kwa mlango. Kwa daktari wa akili siendi tena. Nilimwomba afute yale maneno mu faili, akayafuta mbele yangu.

Nafasi ya bure imepotea, kama Gad alivyosema. Lakini kilo ni zangu kweli, na sukari ni yangu. Nimeandikwa ku liste ya kawaida, bima italipa sehemu kubwa, mimi nitalipa iliyobaki kwa kazi ya usafi wa jioni. Ni tarehe 16 ya mwezi wa kumi. Nitapasuliwa, Koko. Baada ya hapo, wiki nyingi, nitakula vijiko vitano vidogo kwa mara moja, basi.

Habari ya biskuti, nimwandikie Umuhire mimi, au utamwambia wewe?

Reine


Mururu, 21 ya mwezi wa tisa, 2003

Reine,

Simu ilikula pesa ya maharagwe ya mwezi, na yule kijana wa simu alinifundisha jinsi ya kuishika kama mimi ni mutoto. Sitarudia.

Nilimuambia Épiphanie mwenyewe. Hakutukana. Alisimama, akachukua jembe lake lililokuwa kwangu, akaenda. Jumapili tatu mu kanisa alikaa benchi ingine. Jumapili ya nne alirudi ku benchi yetu, lakini akaweka kitambaa chake katikati. Nimeiona. Sijaitoa.

Umuhire nilimufuata mpaka Bugarama, mu joto ile, katikati ya maji ya mupunga. Nikamuambia habari ya biskuti. Hakuacha kupalilia. Akasema, "Koko, nilijua. Tulipokuwa tunaruka kamba, kinywa cha Reine kilikuwa kinanukia." Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema, "Nilikuwa ninasimama karibu naye, ninanusa." Hiyo tu. Nilirudi Mururu na miguu, gari zikinipita.

Profesa wenu ameandika barua kwa padri, na heshima nyingi, anataka sasa kumupima Umuhire! Ameshasikia kuna mwembamba. Aliposikia kuna munene alikimbia kwa munene, sasa anakimbia kwa mwembamba, na pesa inakimbia nyuma yake kama mbwa. Umuhire nilimusomea. Alisema ana mupunga wa kuvuna. Gad akija mwezi wa kumi na mbili, apite kwake na asikilize. Mizani abaki nayo Ulaya. Mimi nitamupokea. Nitamugombeza ku mulango, kisha ataingia.

Kwako wewe. Kisu sikipendi, na yule Profesa simuheshimu, hata kama ameshusha karatasi yake ku ukuta. Pete mu tumbo bado ni ujinga, nitasema hivyo mpaka banizike. Lakini umesema unataka, na ile kichwa nimeshasema ni kizima.

Muntu wetu akitoka hospitali, tunamupelekea chakula. Sijui njia ingine. Wiki nzima nimewaza nitume nini kwa muntu asiyeruhusiwa kula, na sikupata kitu. Nimefungua sanduku, nimefunga. Basi natuma hii barua.

Banasema vijiko vitano. Ningekuwa pale ningekutilia cha sita, najijua, kwa hiyo ni muzuri niko mbali. Sikiliza mimi koko wako. Ukifika cha tatu na tumbo limesema basi, weka kijiko chini. Viwili vibaki mu sahani. Hakuna batu banakuja kukunyang'anya, na mimi sitakukaripia.

Védastine